Unga wa Kiti cha Pweza

Mwaka 1960, mvua za kwanza zilipoanza, Lugembe alirudi kwao Puge na kichupa cha unga alichokifunga ndani ya soksi. Alikuwa Dar es Salaam miaka miwili akimfanyia kazi mtaalamu Mwingereza. Maji yakipwa aliokota viti vya pweza, wale wanyama wa baharini wenye mikono mitano, akawapasua na kusaga mishipa yao ya fahamu.

"Ukimdunga mwenzao maji ya unga huu, haipiti saa moja mayai yanamwagika," alimwambia mkewe, Nyamizi. "Bwana wangu Mwingereza anasema huenda vichocheo vya uzazi vilianza kwa viumbe wa kale wa baharini, nasi tukarithi. Utie kwenye uji wako unywe."

Nyamizi alikuwa na miaka tisa katika ndoa bila mtoto. Mama mkwe wake, Getruda, hakula tena chakula alichopika Nyamizi.

"Na madume je?" Nyamizi aliuliza.

"Nao humwaga mbegu zao."

"Kwa unga huohuo?"

"Huohuo."

Nyamizi akaukoroga unga ule kwenye uji, akaujaza katika mabakuli mawili. "Basi tunywe wote."

Lugembe alishika bakuli lake, lakini halikufika mdomoni. "Mimi sina tatizo."

"Nani alikupima?"

Lugembe akaliweka bakuli chini. Nyamizi akamwaga uji wote uani. Siku tano baadaye Lugembe mwenyewe alisema waende hospitali Tabora.

Daktari aliposikia habari za kichupa alitikisa kichwa. "Unga huo ni wa viti vya pweza. Kwa mtu hauna kazi."

Akawapima wote wawili. Lugembe akaomba kuziangalia mbegu zake mwenyewe kwenye hadubini. Pwani alikuwa ameona mbegu za viti vya pweza zikichemka kama vumbi kwenye mwanga. Hapa aliangalia mpaka jicho likatoa machozi. Hakikutikisika kitu.

Walipofika nyumbani alimwambia mama yake, Nyamizi akiwa amesimama mlangoni: "Mama, ni mimi."

"Huyo mkeo amekulisha maneno," Getruda akajibu, na chakula cha jioni hakukigusa.

Nyamizi alivumilia mpaka mavuno, kisha akaamua kwenda kwa kaka zake Nzega. Lugembe alimbebea mzigo hadi barabarani.

"Siondoki kwa ajili ya mtoto," Nyamizi alimwambia basi liliposimama. "Miaka tisa ulimwacha mama yako anitukane, nawe hukuwa na hakika kwamba kosa ni langu."

Lugembe akampandishia mzigo, akarudi shambani kung'oa karanga.