Kano ya Kisigino

Ujumbe wa kaka yangu ulinikuta asubuhi mlangoni mwa maabara ya anatomia: baba amefariki alfajiri, tunamzika baada ya adhuhuri. Nilikuwa mwaka wa tatu wa udaktari, Guangzhou. Hakuna ndege ambayo ingenifikisha Dar kuwahi maziko. Nikazima simu, nikavaa glavu.

Siku hiyo tulisoma tishu unganishi. Mwalimu alitugawia mguu, akatuonyesha utando mweupe unaoifunika misuli na kuitenga, kisha kano, ile inayoushika msuli kwenye mfupa. Nilichambua utando ule taratibu kwa kibanio. Mwalimu akanisifu.

Nilipowasha simu mchana, kulikuwa na ujumbe wa mama mmoja wa Kizanzibari, mnunuzi wa jinzi, niliyezoea kumtafsiria. Ameumia Xintang, kwenye viwanda vya jinzi nje ya mji, yuko hospitali. Nikaenda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nashuka ngazi za kiwandani, nikahisi mtu kanipiga teke la kisigino. Nageuka nimtukane, hakuna mtu!"

Daktari alimlaza kifudifudi, akamminya misuli ya nyuma ya mguu. Unyayo haukusogea. Akaniambia kwa Kichina kwamba kano imekatika yote.

"Kasemaje?"

"Kano yako imekatika, mama. Ni nyuzi nyingi sana zilizolala upande mmoja, zimebanana kama kamba. Msuli ukivuta, kamba hiyo ndiyo inayonyanyua kisigino."

"Itaunga?"

"Ataishona. Lakini damu inayofika pale ni kidogo, kwa hiyo itachukua miezi."

Akafuta uso kwa ncha ya mtandio. Saa ya ukutani ilikuwa kumi na moja na nusu. Nyumbani ilikuwa saa sita na nusu mchana.

"Na kwenu, wazima?"

"Wazima, mama."

Nilijisikia nikisema hivyo kwa sauti ileile niliyotafsiria.

Siku ya tatu baada ya upasuaji nilimpelekea wali kutoka mkahawa wa barabara ya Huanshi Zhonglu. Habari za msiba wangu zilikuwa zimeshamfikia kupitia Watanzania wenzetu. Mguu wake ulikuwa kwenye plasta, vidole vimeelekea chini.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Sikujua niseme nini."

"Ulikuwa unanieleza habari za nyuzi, na baba yako anazikwa!"

"Ndiyo, mama."

Hakunigombeza tena. Aliusogeza wali pembeni, akanyanyua mikono, akamwombea baba dua ndefu, mtu ambaye hakumwona maisha yake. Nami nikanyanyua yangu, nikaitikia amina kila alipotua. Nilingoja machozi. Hayakuja. Niliona tu kwamba kucha zangu zimekuwa ndefu.

Alipomaliza akaniuliza kama nimekula. Sikukumbuka. Akanipa kijiko, nikala nusu ya wali wake huku ananitazama.