Mshipa Tulioshuka Nao Mtini

Fundi cherehani, ambaye leo gumba lake linakunjika vizuri tu, anamkumbuka daktari wa mikono kwa namna alivyosalimia. Akishakushika mkono hakuuachia upesi. Aliugeuza, akapapasa kiganja kama mtu anayechagua kitambaa dukani, huku akiguna "mhm, mhm" kwa sauti ya puani. Kucha zake alizikata hadi karibu na nyama, na hata alipozungumza na muuguzi, vidole vyake havikutulia. Wakati huo fundi alikuwa amekatwa na kioo mshipa unaokunja gumba la kulia, nalo limekakamaa kama kijiti.

"Nitatoa mshipa hapa kwenye kifundo cha mkono, niuunge kwenye gumba," daktari alimwambia.

Fundi akauvuta mkono wake. "Nibomoe pazima nizibe pabovu? Hapana, daktari. Mkono huu ndio unaonilisha na wanangu."

Daktari hakukasirika. Akauchukua tena mkono, akaukunja kidogo, na mshipa ukachomoza chini ya ngozi kama uzi uliovutwa. "Huu mababu wa kale kabisa waliutumia kudandia miti. Sisi tulishashuka zamani. Siku hizi wengine wanazaliwa bila huo."

"Na hao wanaishije?"

Daktari akapandisha mkono wa koti, akakunja kifundo chake mwenyewe mbele ya macho ya fundi. Hapakuchomoza kitu, ngozi ilibaki laini.

"Wengine," akasema, "wanashona watu."

Fundi akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaulaza mkono wake mezani.