Leo nilimuvuta Tonton Firmin mu soko yote

Leo nimelipiza kisasi, na sikufungua kinywa.

Jeep yetu ya zamani munaijua: babu alizika magurudumu yake mu shamba ya mihogo wakati wa vita, juu basoda, askari bale, basiichukue.
Jirani yetu, Tonton Firmin, kila asubui: "Ile maiti yenu ingali inapumua?"
Na haya yangu ile, minyi nainamisha kichwa, napita.

Leo gari yake mupya ikazama mu matope.
Njo minyi huyu napita na jeep.
"Mama kidogo, nivute mpaka pakavu, tafazali!"

Nikamuvuta.
Pakavu tukafika. Akapiga klaxon, pii! pii! pii!, nisimame.
Sikusimama. Soko nzima, vitesi ya kwanza, polepole, bamama bakipiga vigelegele!

Sasa Papa ananiuliza kama sikusikia klaxon.
Nimemujibu sikusikia.

Nilisikia zote. Mutanisema kwa Papa?