Mama, Niitie Mtoto

Enzi ya Mwingereza, upande wetu wa Hanang, Jenoveva lilikuwa jina la karibu kila nyumba iliyobatizwa. Ukiliita nje ya kanisa, nusu ya wasichana wanageuka. Lilitoka Ufaransa, alikotoka padre wetu. Nilimuuliza maana yake, akasema wapo wanaosema ni mwanamke wa ukoo, wapo wanaosema vingine, na yeye hakuwa na hakika. Mimi nilisoma hadi darasa la nne tu, kwa hiyo naandika kama alivyosema, nisije nikaongeza.

Lakini watu hawakulipendea maana yake, walilipendea hadithi. Padre alisimulia kwamba zamani sana mji mkubwa wa kwao ulizingirwa na maadui, watu wakashikwa na njaa, na mwanamke mwenye jina hilo akatoka na mashua, akarudi na nafaka. Kwetu nzige walikuwa wametoka kumaliza mashamba, na ng'ombe waliobaki ungeweza kuhesabu mbavu. Mwanamke analeta nafaka: habari hiyo haikuhitaji mkalimani. Mama yangu alibatizwa msimu ule pamoja na wajane wenzake, wengi wao wakachukua jina lile lile. Padre alijaribu kuwapa mengine. Walikataa.

Nilipopata binti, mama alitaka mtoto aitwe kama yeye. Alikuwa na haki, maana ni mjukuu wake wa kwanza. Mke wangu naye alikuwa na haki. Kwetu wafugaji wa uwandani, mwanamke aliyeolewa hatamki jina la mama mkwe wake, hata akiwa peke yake porini. Mtoto akipewa jina hilo, mama yake hataweza kumwita.

"Mpe lolote jingine," mke wangu aliniambia. "Nimwite mtoto wangu. Sitaki zaidi ya hapo."

Mama akasema, "Jina hili nililipata kwenye njaa. Sina ng'ombe wa kumwachia. Nimwachie nini?"

Nilipima huku, nikapima huku, mpaka Jumapili ikafika. Padre akamwuliza mke wangu jina la mtoto. Akatazama chini. Padre akangoja. Ndipo mama akalisema mwenyewe kutoka nyuma, kwa sauti kubwa, na maji yakamwagwa. Baadaye niliuliza kama jina linaweza kubadilishwa. Padre akasema haiwezekani.

Kisimani wanawake wenzake walimtania mke wangu.

"Mama nani wewe?"

"Mama wa huyu," anawaonyesha mgongoni.

"Huyu nani?"

"Huyu mnayemjua vizuri kuliko mimi."

Wanacheka, naye anacheka kidogo, anajitwisha maji anaondoka.

Mtoto alipoanza kukimbia na ndama, shida ikawa jioni. Ukungu unashuka kutoka mlimani, fisi nao hawako mbali. Mke wangu anakwenda mlangoni kwa mama.

"Shikamoo, mama. Niitie mtoto."

"Marahaba. Yuko wapi?"

"Kule kwenye ndama."

Mama anatoka, anashika kiuno, analiita jina lake mwenyewe kuelekea uwandani. Mwanzoni alifanya kwa fahari. Ungedhani anaita watu waje wamtazame. Miaka ilivyokwenda magoti yakamchosha. Mimi nilikuwa nikirudi kutoka kufyeka pori la mbung'o, kazi ya serikali, viganja vimechubuka, nawakuta wamesimama wawili, mmoja anaita, mwingine anangoja, na akina Jenoveva wa jirani wasiohusika wanaitika. Napita, naingia ndani.

"Nimekuruhusu," mama alimwambia siku moja. "Litamke tu. Sitakasirika."

"Ruhusa nimeisikia, mama. Mdomo ndio haukubali."

"Basi huo mdomo uwe unakuja kuniinua hapa nilipokaa."

Masika moja mama alilala na homa. Jioni mke wangu akaja mlangoni kama kawaida, nami nilikuwa ndani, nimeketi karibu na kitanda.

"Mama, niitie mtoto."

"Leo siinuki."

Nje mvua ilikuwa inakaribia.

"Mwite unavyomwitaga," mama akasema.

"Simwiti, mama."

"Mwanangu, mimi ni mzee, si mjinga. Toka nje ukamwite."

Mke wangu akatoka. Akaita jina fupi la kwetu ambalo sikuwahi kulisikia likitoka kinywani mwake. Siliandiki hapa, lilikuwa lao wawili. Mtoto aliitika hata kabla halijaisha, akaja mbio, ndama nyuma yake. Aliitika kama mtu aliyeitwa hivyo tangu anyonyeshwe.

Mama akasema, "Kwangu haji upesi namna hii."

Sijui alisema kwa uchungu au kwa mzaha. Nilikuwa nimechoka, na uso wake sikuuona vizuri kwenye moshi. Nisimsingizie.

Tangu hapo hakuna aliyekwenda tena kumwinua jioni. Kanisani mtoto aliendelea kuwa Jenoveva, na padre hakuwahi kujua kama ana jina jingine. Asubuhi iliyofuata jioni ile mama alitaka maji ya kunywa. Nilimsikia akimwita mjukuu wake kwa lile jina fupi, polepole, mara moja tu, kisha akangoja. Mtoto akampelekea maji.