Muuza Samaki Asiyesikia Harufu

Juzi sokoni Darajani mwanamke mmoja alimrudishia muuza samaki changu, samaki aliyemnunua muda mfupi uliopita.

"Ameoza huyu! Huoni haya?"

Muuza samaki akamsogeza changu puani, akavuta pumzi, akasema kwa utulivu, "Mzima huyu."

Watu wakacheka. Mmoja akamwita mwizi. Ghafla muuza samaki akapandwa na hasira, akalipiga teke beseni, samaki wakatapakaa chini.

Mkewe, aliyekuwa amemletea chai, akainama kuwaokota. "Tangu alipoanguka na pikipiki akagonga kisogo, hasikii harufu yoyote," alituambia. "Na hasira hizi hakuwa nazo. Hospitali walimshona jeraha, wakasema keshapona."

"Mbona anaonekana mzima?" akauliza yule mwanamke.

"Ndiyo tabu yenyewe, bibi. Angekatika mguu mngemwonea huruma."

Ubongo ulioumia hauna bendeji ya kutuonesha, na sisi hatuna muda wa kuuliza. Wenye pua nzima tukahamia meza ya jirani. Nilipokuwa nachagua samaki wangu, nilimsikia nyuma yangu akimuuliza mkewe kwa sauti ya chini:

"Kwani kweli ananuka?"