Fasi ya Mama wa Wamaza

Mwezi uliopita nilirudi Kasongo kwa ajili ya harusi ya mtoto wa ndugu yangu, na asubuhi ya kupika ikaonekana chumvi haitoshi. Nikajitia kimbelembele. "Acheni niende mimi, soko la hapa nalijua hata nikifumba macho." Kweli nilikwenda kama mtu aliyefumba macho. Miguu ilishuka na barabara ya zamani, ikakata kushoto penye msikiti, nikajikuta nimesimama mbele ya ukuta mrefu wa saruji wenye milango ya chuma, mingi imefungwa kwa kufuli zilizoota kutu. Kijana wa pikipiki akanicheka. "Mama, unatafuta nini hapa? Soko iko kule juu, ilihama zamani!"

Nilijua, wallahi. Nilikuwepo lilipohamishwa, nina miaka kumi na mmoja. Lakini miguu haina akili, ikikaa miaka mingi ugenini inarudi na habari za zamani. Nilinunua chumvi ya pakiti kwenye butiki moja iliyokuwa wazi, nikarudi, na harusi yenyewe sikuifaidi. Wenzangu walicheza mpaka viatu vikawavuka, mimi nimekaa na sahani yangu kama niliyekuja kudai kitu. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Wengine nikiwaambia, watasema soko ni soko tu.

Hukuliona soko lile, basi ngoja nikueleze. Vilikuwa vibanda vya miti na nyasi, vichache vya mabati, vimekaa ovyo kama watu waliofika matangani kila mmoja kwa saa yake. Ukiingia, unapokewa na samaki wa moshi kutoka Nyangwe kabla hujamwona anayewauza. Halafu mawese mapya, halafu sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, na mvua ikianza, harufu ya vumbi lililolowa inafunika vyote. Adhana ya adhuhuri ikilia, wamama wa Kiislamu walifunika bidhaa zao wakaenda kusali, na wale wa kanisani waliokaa jirani nao wakawauzia mpaka warudi. Hakuna aliyewapangia hivyo. Ndivyo tulivyokuwa tukikaa.

Mimi nililelewa na bibi, mama yake baba. Wazazi walikuwa wamekwenda Kindu kutafuta maisha, wakasema watanichukua, na maisha yenyewe yakachelewa kupatikana. Tulikuwa wawili tu ndani ya nyumba ile. Jioni kazi yangu ilikuwa kuloweka mchele, alfajiri kuutwanga, kisha kupepea makaa bibi akichota unga kwa kijiko na kuutumbukiza ndani ya mawese ya moto. Vitumbua vyake vilikuwa vyekundu kwa nje, laini kwa ndani, na cha kwanza kabisa hakikuliwa na mtu: alikivunja, akakinusa, akakirushia kuku. Kwangu hakuwa na maneno mengi. "Fagia." "Funika." "Usikae mlangoni." Maneno yake mazuri aliyaweka sokoni, na nilikuwa namwonea wivu mtu mmoja aliyeyapata.

Mtu huyo alikuwa mama mkulima kutoka upande wa Wamaza. Alitembea siku mbili na zaidi kwa mguu, kitunga mgongoni, kamba yake imepita kwenye paji la uso, na ndani mna karanga, uyoga mkavu, wakati mwingine asali. Alifika mara moja kwa wiki tatu, nne, mvua ikizidi hata mwezi na nusu. Usiku alilala kanisani pamoja na wenzake wa njia moja, na asubuhi alikaa ubavuni mwa bibi. Fasi yake ilikuwa pale, mkono wa kulia, upana wa mkeka mmoja, haiguswi na mtu.

Kuhusu fasi, sikiliza vizuri, maana yote yaliyofuata yametoka hapo. Soko letu halikuwa na nimero wala karatasi. Fasi yako ilijulikana kwa kufagiwa. Ukiwa safarini au mgonjwa, jirani yako anaifagia kila asubuhi, na hapo kila mtu anajua mwenyewe yu hai, atarudi. Fasi ikilala na taka, ina maana mwenyewe hayupo tena duniani. Basi jirani anakuja kuifagia mara ya mwisho, anaweka juu yake kitu kidogo cha biashara yake mwenyewe, ndiyo kuaga, na baada ya hapo mtu mwingine anaweza kutandika. Bibi alifagia fasi mbili kila siku ya Mungu. Nikimwuliza kwa nini tunahangaika na uchafu wa mtu aliye mbali, ananiambia, "Unataka waseme amekufa?"

Walivyosalimiana, ungecheka. Bibi: "Wamaza, umeamkaje?" Na yule: "Wamaza muzima, sijui Kasongo?" "Kasongo anaumwa magoti." Hivyo tu, kama miji miwili imekutana. Mwezi wa Ramadhani Mama wa Wamaza hakula mbele ya bibi. Alijificha nyuma ya kibanda na karanga zake, akarudi anapangusa midomo, na bibi bila kugeuka anamwambia, "Mwenzangu, karanga zako zinanukia mpaka mbinguni." Wanacheka mpaka wanashikana mabega. Nyumbani kwetu sikuwahi kumsikia bibi akicheka namna ile.

Jina la mwenzake hakulijua. Usishangae. Kwetu mwanamke mzima haitwi jina lake, anaitwa kwa mtoto: Mama Fulani. Na siku za mwanzo kabisa bibi alimwuliza, "Wewe ni mama ya nani?" Yule akachambua karanga muda mrefu, kisha akasema watoto wake wote wako chini ya udongo. Bibi hakurudia swali tena. Angeuliza jina, angekuwa anafukua makaburi. Akamwita kwa njia aliyotokea, na yeye akaitwa kwa mji aliokaa, na miaka ikapita.

Kisha wakaja wakubwa na habari zao za soko la kisasa. Lile la zamani ni aibu, walisema, litavunjwa, patajengwa maduka, na wauzaji watapelekwa kule juu kwenye vibanda vipya vyenye saruji. Wengi walifurahi, nisikudanganye. Nani hapendi kukaa pakavu? Siku ya kujiandikisha nilimsindikiza bibi. Karani alikaa nyuma ya meza na daftari, na bibi akaomba fasi mbili zinazoshikana.

"Ya pili ya nani?"

"Ya mwenzangu. Iko shambani, atakuja."

"Jina yake?"

Bibi akalitazama daftari. Nyuma yetu mstari ulikuwa mrefu, watu wakaanza kuguna.

"Mama ya Wamaza," akasema.

"Ile si jina, mama. Wamaza iko na bamama wangapi?" Karani akacheka, na mstari mzima ukacheka naye. "Mutu asiye na jina hana nimero. Mimi nakuandika wewe peke yako."

Nilimwona bibi akivuta kitenge chake mabegani. Alikuwa mtu wa kiburi, nami nimekirithi. "Basi hata mimi usiniandike," akamwambia. Tukarudi nyumbani, na kuanzia siku ile vitumbua viliuzwa mlangoni kwetu. Kule juu hakukanyaga.

Mashine ilikuja na kazi ikaisha kwa siku mbili. Soko lililochukua umri wa mtu kukaa vile lilivyokaa, siku mbili! Wakaliacha hivyo, matofali, miti iliyovunjika na madimbwi, wakisubiri simenti ambayo haikuwa imefika. Na Mama wa Wamaza alikuwa kwao, hajui lolote. Bibi alijua atakuja moja kwa moja pale pale, na asipomkuta, atamtafuta kwa nani? Kwa jina lipi? Kasongo ina wauza vitumbua kama nywele. Kwa hiyo kila asubuhi alikwenda kwenye kifusi, akafagia fasi zile mbili katikati ya matofali, akakaa mpaka jua linapokuwa kali. Watoto walimwita kichaa. Yeye alisema, "Milima haikutani. Watu wanakutanaka."

Magoti yalipomshinda kabisa, kazi ile ikawa yangu. Siku za shule nilipita alfajiri kufagia, na jirani yetu muuza mafuta akaniahidi kupatupia jicho nikiwa darasani. Jumamosi nilikaa mwenyewe mpaka mchana. Ee, nilivyochukia! Kukaa peke yako juu ya tofali, mahali palipokuwa na watu mia tano, na sasa hakuna hata mtu wa kukutukana. Upepo tu, na mbwa. Nikapiga hesabu ya kitoto, kwamba kama yule mama angekuja, angekuwa ameshakuja.

Jirani akasafiri kwenda Kabambare kwenye msiba, na hakubaki mtu wa kuniona. Wiki ile nzima sikufagia hata siku moja. Jumamosi nilitoka nyumbani na ufagio wangu kama kawaida, nikauficha nyuma ya shule, nikacheza nzango na wenzangu, tunaruka, tunapiga makofi, tunaimba mpaka sauti zikakauka. Nilifurahi sana siku ile. Nakumbuka furaha yenyewe, na mpaka leo inanikera.

Mchana nikapita kwenye kifusi ili nikirudi niseme nimetoka pale. Nikakuta pamefagiwa. Pande zote taka, majani, mavi ya mbuzi, na katikati mikeka miwili ya udongo safi, alama za ufagio bado mbichi. Upande wa bibi palikuwa na kifurushi cha majani ya mgomba kilichofungwa vizuri. Sikuhitaji kukifungua, uyoga ulinukia. Nilielewa palepale. Mama wa Wamaza alikuja, akakuta fasi ina taka ya siku nyingi na hakuna mtu. Alikuwa amemzika bibi yangu.

Nilikimbia. Nilikimbia barabara ya Kabambare, ndiyo ya kwenda Wamaza, mpaka nyumba zikaisha, nikiwauliza watu, mmeona mama mwenye kitunga? Mmoja akasema amepita mama analia, lakini ni tangu asubuhi. Mbele yangu ilikuwa barabara nyekundu tu na majani marefu. Nikarudi na kile kifurushi, na kadiri nilivyokaribia nyumbani ndivyo kilivyonilemea. Nilikitupa chooni.

"Amekuja?" bibi akauliza toka kitandani.

"Hakuja."

Baada ya hapo nilifagia kama mtu aliyetiwa wazimu. Alfajiri, jioni, hata mvuani. Nilifagia mpaka wajenzi walipokuja na kamba zao wakanifukuza, na msingi ukachimbwa juu ya fasi zile. Hakuja tena. Angekuja kwa nani? Kwake yeye, Kasongo alikuwa amekufa.

Sasa nikisimama mbele ya ukuta ule, siwezi hata kukuonyesha fasi zilikuwa wapi. Nimejaribu kupima kutoka msikitini, nimehesabu hatua, napata mlango wa chuma mara hii, na mara nyingine napata mtaro wa maji. Soko la kule juu lina nimero nzuri, limepigwa rangi, mvua hainyeshei mtu, na nimezunguka humo bila mtu kuniuliza nimeamkaje. Bibi hayupo. Yule mama, kama alikuwa hai, atakuwa naye ameshakwenda, na hakuna mtu Wamaza nzima ninayeweza kumwuliza habari zake. Mimi ndiye pekee niliyebaki ninayejua kwamba siku ile wote wawili walikuwa wazima, mmoja analia barabarani, mwingine anaumwa magoti kitandani, na mimi katikati yao naimba nyimbo za kuruka.

Mwaka ulipotimia tangu soko livunjwe, bibi alisema, "Mwenzangu amekufa. Kama angekuwa muzima, angekuja." Akatoa mchele uliokuwa wa biashara, akachinja kuku, akamwita mwalimu wa madrasa amsomee hitima. Mwalimu akauliza marehemu alikuwa Mwislamu? Bibi akajibu, "Alikuwa mwenzangu." Mwalimu alimtazama kidogo, kisha akainua mikono, akaomba dua. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na mlango. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na lingemtoa mtu kaburini. Nililisogeza mpaka kwenye meno.

Chakula kikaja. Kwetu sahani ya kwanza ya sadaka hupewa mtoto wa marehemu. Bibi aliijaza, akapeleka macho chumba kizima, akaja mpaka nilipokaa akaniwekea mapajani.

"Mwenzangu hakuwa na mutoto," akasema. "Wewe ndiye ulikuwa unamungojea. Kula, mama."

Hakuwahi kuniita mama kabla ya siku ile. Nikala. Nilipomaliza, akaniongezea.