Nati Iliyobaki Bakulini

Mume wangu ni fundi pikipiki, na ana kiburi, tena kingi. Vyuma anavyofungua huviweka kwenye bakuli langu la kukandia unga, na bakuli lisipobaki tupu, hawashi injini ng'o. Siku hiyo alikuwa amemaliza kufufua pikipiki kuukuu ya marehemu baba yake. Nikachungulia bakulini: nati moja.

"Na hii, baba watoto?"

"Ya akiba hiyo. Usinitie nuksi mbele za watu."

Akapiga kiki. Injini ikanguruma, majirani wakashangilia. Nilimshika shati, akanitoa mkono, akaondoka.

Nilibaki nimeibana ile nati kiganjani, nikiusikiliza mlio ukishuka mteremkoni. Ukakatika ghafla.

Majirani bado walikuwa wanapiga makofi.